Mwanafunzi Anaposema "Sitaki"

Jumapili tunakaa na watoto wetu katika viti vya kanisa. Jumatatu asubuhi tunawakabidhi kwa walimu, na wengi wa walimu hao ni washarika wenzetu. Kwa hiyo swali la makala haya si la shule peke yake, ni la kanisa pia. Mwanafunzi anapomkatalia mwalimu wake mbele ya darasa zima, malezi ya Kikristo yanadai nini kwa mwalimu huyo? Na yanadai nini kwetu sisi tuliomtuma mtoto?

Tuchukue mfano ambao mwalimu yeyote wa Morogoro anaujua, awe anafundisha Kihonda mjini au Matombo milimani. Kijana wa kidato cha pili hakufanya kazi aliyopewa nyumbani. Mwalimu anamwambia atoke nje. Kijana anajibu, "Siendi." Darasa linanyamaza. Wanafunzi sabini wanamtazama mwalimu kuona atafanya nini. Mwalimu amekwisha kufundisha vipindi vitano tangu asubuhi, koo limekauka, na sasa heshima yake yote imewekwa mezani na mtoto wa miaka kumi na mitano.

Majibu mawili huja upesi. La kwanza ni fimbo, tena papo hapo, na kwa nguvu itakayowafundisha na wengine. La pili ni kuachia: "Kaa basi, shauri yako, mtihani utakuonyesha." Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yana jambo moja linalofanana. Yote mawili yanafunga habari ya mtoto siku hiyo hiyo. La kwanza linamfunga kwa hofu, la pili linamfunga kwa kumtupa. Tunaamini kuwa Injili inatuonyesha njia ya tatu, ambayo ni ngumu kuliko zote mbili.

Baba mwenye wana wawili

Katika Mathayo sura ya 21, mstari wa 28 hadi 32, Bwana Yesu anawapa wakuu wa makuhani na wazee mfano mfupi. Baba mmoja ana wana wawili. Anamwagiza wa kwanza aende kufanya kazi katika shamba la mizabibu, naye anakataa mbele ya baba yake. Baadaye anajuta, anakwenda. Wa pili anaitikia kwa adabu zote, lakini haendi. Kisha Yesu anauliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba, na wasikilizaji wenyewe wanakiri kwamba ni yule wa kwanza.

Mara nyingi tunauhubiri mfano huu tukiwatazama Mafarisayo. Leo tuusome tukilitazama darasa. Ni mwana yupi kati ya hawa wawili anayepata adhabu katika shule zetu? Ni yule wa kwanza, aliyesema wazi. Wa pili anaandikiwa katika ripoti kwamba ana tabia njema. Hakuna mwalimu anayemwita ofisini mtoto anayesema "ndiyo mwalimu" kisha akanakili daftari la mwenzake chini ya dawati.

Tuangalie pia jambo ambalo mfano hausemi. Hatuambiwi baba alifanya nini kati ya kukataa kwa mwana na kwenda kwake. Tunajua mawili tu. Agizo halikufutwa, kwa sababu kazi ya shamba ilikuwa bado inamngoja. Na mlango haukufungwa, kwa sababu mwana alipojuta alipata pa kwenda. Kati ya "sitaki" na kwenda palikuwa na nafasi, na katika nafasi hiyo ndipo moyo wake uligeuka.

Hili ndilo tunalotaka kulisema katika makala haya: nidhamu ya Kikristo ni kazi ya kuilinda nafasi hiyo. Mwalimu anayeachia amefuta agizo. Mwalimu anayelipiza amefunga mlango. Mwalimu anayelea hufanya yote mawili kwa pamoja: anasimamia agizo, na anaacha mlango wazi.

Fimbo ya sheria na fimbo ya mchungaji

Hapa mshirika atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, Mithali 13:24 haisemi habari ya fimbo? Inasema. Wazee wetu nao walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na samaki mkunje angali mbichi. Hatuna nia ya kuwabeza wazee wala ya kuruka maandiko. Lakini fimbo ya Biblia ina mwenyewe, naye ni mchungaji. Katika Zaburi ya 23 fimbo na gongo la mchungaji humfariji kondoo. Mchungaji huitumia kumfukuza mnyama mkali na kumrudisha kondoo anayekaribia genge. Fimbo inayomfanya kondoo amkimbie mchungaji imepoteza kazi yake.

Sheria ya nchi yetu nayo haijampa mwalimu fimbo ya hasira, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ziliweka kiboko kwa makosa mazito tu, kwa kuzingatia umri, jinsia na afya ya mtoto. Mwaka 2002 masharti yalikazwa: viboko visizidi vinne, mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza mtoto kuteswa au kupewa adhabu ya kumdhalilisha. Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi, wakaondoa kabisa viboko shuleni mwaka 2001.

Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya viboko vinne. Lakini azingatie maana ya masharti yale. Kumwendea mkuu wa shule, kupata ruhusa, kufungua kitabu na kuandika jina la mtoto na kosa lake, hayo yote yanachukua muda. Sheria inamlazimisha mwalimu apoe kwanza. Hata watunga kanuni, ambao hawakuwa wakihubiri Injili, waliona kwamba pakosekanapo nafasi kati ya kosa na adhabu, hatari iko karibu.

Na hatari hiyo tumeiona. Oktoba 2016 nchi nzima ilitazama picha za video za walimu waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo wakimpiga kwa pamoja mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa, na Machi 2019 mahakama ilimhukumu mwalimu adhabu ya kifo. Hatutaji habari hizi ili kuwahukumu walimu wote. Walimu wetu wengi ni watu wa upole wanaofanya kazi ngumu kwa moyo. Tunazitaja ili tukumbuke kwamba hasira ya dakika tano inaweza kula maisha ya mtoto na ya mwalimu kwa pamoja.

Milima iliyosema hapana

Sisi tunaoishi chini ya Uluguru tuna somo la ukaidi katika historia yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo milimani. Watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Nia ilikuwa na sababu, kwa maana mmomonyoko wa udongo ulikuwepo kweli. Lakini watu wa upande wa Matombo walikataa. Machoni pa waliotoa amri, huo ulikuwa ukaidi tu. Julai 1955 mambo yakafika kwenye ghasia, polisi na wananchi wakakabiliana, na mpango ukaachwa.

Kwa nini walikataa? Mkulima aliyeinama na jembe aliona kitu ambacho mwenye amri hakukiona. Ukichimba matuta ya aina ile katika udongo mwembamba, unafukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule usio na kitu. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na mavuno yalipungua. Lakini upande wa Mgeta, ambako kuna maji ya mifereji na soko la mboga, matuta yalileta faida, na watu wanayalimia hata leo. Kabichi na karoti tunazonunua Soko Kuu la Chifu Kingalu nyingi zinatoka katika matuta hayo. Watu wa milima ile ile, jembe lile lile, lakini jibu tofauti. Basi kukataa kwa Matombo hakukuwa uvivu. Kulikuwa habari ambayo mwenye amri hakutaka kuisikiliza.

Turudi darasani. Kijana aliyesema "siendi" anaweza kuwa na habari pia. Pengine ameamka saa kumi usiku kumsaidia mama kuteremsha ndizi kutoka milimani, na kazi ya nyumbani ilimkuta amelala. Pengine hasomi vizuri, na kutolewa nje kila wiki mbele ya wenzake kumekuwa jina lake la pili. Pengine haoni ubao kutoka dawati la nyuma. Tangu Januari 2016, elimu ilipokuwa bila ada hadi kidato cha nne, madarasa yamejaa watoto ambao zamani wangebaki nyumbani, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi sabini hana nafasi ya kujua nani alikula jana. Mara nyingi habari hiyo humfikia kwanza ikiwa imevaa nguo ya jeuri.

Tusikosee hapa. Hatusemi kwamba kila mtoto anayekataa ana haki. Wapo wanaokataa kwa kiburi tu, kwa sababu darasa linawatazama. Tunachosema ni kwamba mwalimu hawezi kuujua ukaidi wa Matombo na ukaidi wa kiburi kwa kuutazama tu. Lazima aulize, na swali haliulizwi kwa fimbo iliyoinuliwa.

Kosa la Eli

Na kwa wale wanaodhani kwamba upole ni kuachia, kuna mzee Eli. Katika 1 Samweli sura ya 2, wanawe wanaidharau sadaka ya Bwana na kuwadhulumu watu wanaokuja kuabudu. Eli anasikia, anasikitika, anawaambia maneno, kisha basi. Hachukui hatua. Katika sura ya 3 Mungu anamhukumu kwa sababu alijua na hakuwazuia. Walioumia hawakuwa wana wa Eli peke yao. Waliumia wanyonge waliokuja hekaluni na sadaka zao.

Darasani wanyonge hao wapo. Ni yule binti aliyeteremka kwa miguu kutoka kijijini ili ajifunze, ambaye kipindi chake kinaliwa na mabishano. Ni mtoto mdogo anayetishwa na huyo mkaidi wakati wa mapumziko. Huruma kwa mmoja isiyowaona wengine sitini na tisa ni huruma ya Eli. Kwa hiyo agizo lazima libaki. Kazi ya nyumbani itafanywa. Kumtukana mwalimu kuna gharama. Aliyemwonea mwenzake atatengeneza alichoharibu.

Njia yenyewe

Walimu waliobobea katika kazi hii hufanya mambo ambayo hayana maajabu. Kijana anaposema "siendi", mwalimu hapandishi sauti. Hubishani haupendezi mbele ya watu sabini, kwa sababu mbele ya watu hakuna anayeweza kushindwa bila aibu. Humwambia kwa maneno machache: "Nimekusikia. Kazi hii bado ni yako. Tutaonana saa nne." Kisha huendelea kufundisha. Darasa linaona kwamba mwalimu hakuogopa, na wala hakulipuka. Kijana naye ana saa mbili za kufikiri. Hiyo ndiyo nafasi ya mwana wa kwanza.

Saa nne wanakutana mahali pa wazi lakini pasipo na watazamaji. Swali la kwanza ni la kutafuta habari: "Asubuhi kulikuwa na nini?" Baada ya hapo linakuja la pili: "Sasa utalitengenezaje?" Adhabu inayotokana na swali la pili hufanana na kosa. Asiyefanya kazi huifanya baada ya vipindi, mwalimu akiwepo. Aliyemvunjia mwenzake heshima humwomba radhi. Kisha jambo linaisha. Kesho mwalimu humuuliza swali kama wengine, bila kumkumbusha jana. Mlango ambao kila siku unakumbushwa kwamba ulifunguliwa kwa hisani si mlango wazi.

Jambo likizidi, mzazi anaitwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti ambayo pengine hata baba hana. Mwalimu mwenye hekima haandiki barua ya wito na kumngoja tu atakayetokea. Huuliza kwanza, "Nyumbani ukikosea, ni nani unayemsikiliza?" Kama ni mjomba wa Kinole, basi aje mjomba. Kama ni bibi, aje bibi. Anayeitwa haji kushuhudia mtoto akichapwa. Anakuja kuwa mtu wa pili anayesimamia agizo lile lile.

Mwalimu wa Pugu na wanafunzi wake

Taifa letu lina mfano wa jambo hili kwa ukubwa wake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga kulitumikia taifa kwa miaka miwili, huku sehemu kubwa ya mshahara wao ikikatwa. Rais alikuwa Julius Nyerere, mtu aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu. Alikasirika, akawarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400. Watu wengi wanaikumbuka sehemu hiyo tu.

Lakini wanafunzi wale walikuwa wamesema pia kwamba viongozi nao wanalipwa mishahara mikubwa. Katika tukio lile lile Nyerere alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Agizo la kulitumikia taifa halikufutwa. Baadaye wengi wa wanafunzi waliruhusiwa kurudi chuoni. Mtu anaweza kubishana kama kuwafukuza kulikuwa sahihi, na wengi wamebishana. Lakini tuone kwamba hata ndani ya hasira yake, mwalimu yule aliokota ukweli uliokuwamo katika maneno ya wakaidi, akaanza kuutimiza kwa mfuko wake. Ni viongozi wangapi, ni wazazi wangapi wanaoweza kusikia neno la kweli kutoka kwa mtoto aliyewavunjia heshima?

"Mbona sisi tulichapwa?"

Wengi wetu husema, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Ni kweli tumekuwa watu. Lakini ushuhuda huu una upungufu. Wanaousema ni wale waliobaki shuleni. Walioruka dirisha na kutorokea mashambani hawapo kwenye mikutano yetu kutoa ushuhuda wao. Na hata sisi tuliobaki, tukikumbuka vizuri, mwalimu aliyetubadilisha maisha ni yule aliyetujua majina, awe alikuwa na fimbo au hakuwa nayo.

Kuna lingine. Fimbo inajua sana kumtengeneza mwana wa pili, yule anayesema "naenda" na haendi. Hofu hufundisha kuitikia. Hufundisha kutazama kama mwalimu wa zamu yupo. Mtoto akizoea hivyo miaka kumi na moja, tusishangae akiwa mtu mzima anayesaini asichokifanya kazini, au mshirika anayeimba sana ibadani na nyumbani kwake hakukaliki. Mungu hakutafuta watumwa wanaoitikia. Anatafuta wana wanaokwenda shambani.

Kazi ya washarika

Tusimwachie mwalimu mzigo huu peke yake. Mzazi anayemwambia mwalimu "mchape tu, huyu ni wako" hajampa heshima; amemtwika kazi aliyoshindwa nyumbani. Na mzazi anayemtukana mwalimu mezani, mtoto akisikia, amemfundisha mtoto kusema "siendi" kabla hajafika darasani. Tukiitwa shuleni, twende, hata kama siku hiyo tuna kibarua. Tukienda, tuulize kwanza, kama tunavyotaka mwalimu amuulize mtoto wetu.

Katika shule ya Jumapili na madarasa ya kipaimara tunao watoto hao hao, bila mtihani na bila kitabu cha adhabu. Hapo tuna nafasi ambayo mwalimu wa Jumatatu hana. Mtoto anayeuliza kwa ukali kwa nini Mungu alimwacha mama yake afe hapaswi kunyamazishwa kwa sababu amevuruga kipindi. Huyo ni mwana wa kwanza, na anazungumza na Baba.

Tuwaombee walimu wetu kwa majina, hasa wale wa shule za milimani, ambao mvua za masika huwafungia barabara. Na kila mmoja wetu ajiulize ni mara ngapi Mungu alimwita shambani naye akasema hapana. Tumefika hapa tulipo kwa sababu Yeye hakufuta agizo lake, wala hakutufungia mlango tulipochelewa.